Folda Si Programu: Jaribu Kwanza kwenye Kompyuta ya Pili

Simama hapo hapo, ndugu. Umeandika kwamba kompyuta ya ofisi inakudai nenosiri la msimamizi, kwamba umekwisha kukifungua kifurushi cha LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa msiexec /a, amri ya Windows inayotoa mafaili ya kifurushi bila kusakinisha, na kwamba sasa unataka kuibeba folda yake kwenye flashi, kuitumia sambamba na toleo la zamani na kuiongezea tahajia ya Kiswahili. Nilipofika kwenye neno "kuibeba" jasho lilinitoka.

Mimi niliambiwa na fundi mmoja, aliyejiamini kuliko alivyojua kazi yake, kwamba folda ndiyo programu na ukiihamisha umehamisha kila kitu. Programu ilifunguka vizuri, nami kwa miezi mitatu nikaandika makro, yaani amri ndogo zinazofanya kazi zenyewe, za kujaza ankara na stakabadhi, nikaziweka katika makro za mtumiaji badala ya ndani ya waraka wenyewe. Siku kompyuta ilipopelekwa kuwekewa Windows upya, niliinakili folda hiyo kwenye flashi, tena mara mbili kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu, kisha nikaruhusu diski ifutwe. Kumbe makro zote zilikuwa zikihifadhiwa katika %APPDATA%\LibreOffice\4\user, yaani folda ya mtumiaji ndani ya Windows, kwenye diski ileile, na folda yangu haikuwahi kubeba hata herufi moja ya kazi yangu. Nilibaki na nakala mbili kamili za kitu ambacho mtu yeyote anakipakua bure. Fundi nilipompigia simu alinijibu, "Si ungeuliza?" Nilikuwa nimemuuliza, tena nikamlipa.

Kwa hiyo, kabla hujatengeneza chochote, ifunge programu, ingia katika folda ndogo ya program, fungua faili la mipangilio liitwalo bootstrap.ini kwa Notepad, na mstari unaoanza na UserInstallation uubadilishe usomeke UserInstallation=$ORIGIN/.. ili mipangilio yako, pamoja na makro, ikae ndani ya folda yenyewe. Kisha andika makro moja ya kipuuzi, hamishia folda kwenye kompyuta nyingine huku ile ya kwanza ikiwa imezimwa kabisa, uone kama makro hiyo imefika. Isipofika, usiiandikie programu hiyo kazi yoyote ya ofisi.

Mambo ya tahajia tutayazungumza baadaye. Kwanza ninakilie hapa mstari huo ulivyo sasa kwenye faili lako.