Maswali yenu kuhusu sarabande ya Bach ya G maina

Wiki hii maswali mengi yamekuja kuhusu sarabande iliyomo kwenye English Suite namba 3 (mfululizo wa dansi za kinanda) ya mtunzi Mjerumani Bach (BWV 808 ni namba yake kwenye orodha ya kazi zake), haya twende.

Mwalimu, si hii ni dansi? Mbona watu wanaiburuza?

Dansi kabisa! Zamani ilikuwa ya kasi, na ilionekana chafu hadi Hispania wakaipiga marufuku 1583, ila Ufaransa wakaituliza ikawa ya madaha. Hesabu ni tatu tatu na uzito mara nyingi unaangukia pigo la pili. Mwili ukigoma kuyumba ujue umezidisha upole.

Ile nota ya G ya besi imeshikiliwa mwanzoni mpaka inazimika yenyewe, nifanyeje?

Ipige tena, wapiga hapsikodi (kinanda cha kale kinachokwanyua nyuzi) wanafanya hivyo na hawaogopi. Jamani utamu wote uko hapo, besi imeganda kwenye G baa (vipimo vya mapigo) kadhaa huku kodi za juu (nota kadhaa zinazolia pamoja) zinahama, inakuja F shapu, nota ya jirani, inagongana na ile G, sikio linauma kidogo halafu kodi inarudi nyumbani na wewe unashusha pumzi. G ikishazimika hakuna wa kugongana naye, kodi zinabaki nzuri tu basi. Ndo maana nasema kabla hujatafuta hisia zozote imba hiyo besi kwa mdomo, mkono wa kulia utembee kodi moja moja, polepole, hadi ujue ipi inauma na ipi inapumzika.

Kinanda chetu cha kanisani ukigusa kwa nguvu au taratibu sauti ni ileile, nitaipa hisia vipi?

Hapsikodi nayo karibu iko hivyohivyo, na bado watu wanalia wakiisikia. Tumia muda: kodi inayouma icheleweshe kidogo, ifungue nota moja moja kutoka chini, vidole vibaki vimeshika, ile inayopumzika iachie mapema.

Mapambo nipige yote?

Bach mwenyewe kaandika toleo la pili lenye mapambo, yaani nota ndogo za kurembesha. Mimi napenda ipigwe wazi kwanza, mapambo yaje kwenye marudio. Trili (nota mbili jirani zinazopishana haraka) anzia nota ya juu, ndivyo alivyoonyesha kwenye daftari alilomwanzishia mwanae Wilhelm Friedemann 1720. Hiyo nota ya juu mara nyingi ndiyo inayogongana na kodi, kwa hiyo iegemee, usiikimbie.