Soketi, Pedali na Nyuzi Nne: Majibu kwa Wapiga Besi

Maswali ya safari hii yanahusu mvumo, pedali (visanduku vya mguu vya kubadilisha sauti) na marekebisho ambayo mpigaji wa gitaa la besi anaweza kuyafanya mwenyewe mezani. La kwanza tumelitanguliza kwa sababu linagusa uhai wa mtu.

Kanisani kwetu nikishika nyuzi za besi halafu mdomo ukagusa maiki, napigwa shoti. Wenzangu wanasema ni kawaida, nivae viatu vya mpira. Ni kweli?

Si kawaida hata kidogo, na viatu vya mpira havikusaidii. Umeme huo hauendi sakafuni, unapita mkononi mwako na kutokea mdomoni. Nyuzi za besi zimeungana na bodi ya chuma ya ampu kupitia daraja (chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa besi) na waya wa jeki, na wavu wa maiki umeungana na mixer. Ampu na mixer zikiwa na ethi moja (waya wa usalama unaoingia ardhini), hakuna tofauti ya volti kati yake. Ethi ikikosekana upande mmoja, tofauti inajitokeza, na wewe ndiye unayeziunganisha.

Mara nyingi chanzo ni plagi ya pini mbili iliyolazimishwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kuchomeka kalamu tundu la juu, au extension ambayo ndani yake haina waya wa ethi. Vifaa vingi vya siku hizi vina kapasita za kuchuja kelele kati ya nyaya za umeme na bodi. Bila ethi, bodi hiyo huelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, 115 hivi. Mkondo wake ni mdogo, kwa hiyo unasikia kuwashwa tu. Lakini waya wa laivu ukichubuka ndani ya ampu na kugusa bodi, nyuzi zako zinabeba volti 230 kamili. Kuwashwa kwa leo hakukuambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Chukua multimita, iweke kwenye AC, skeli ya juu kabisa. Ncha moja gusisha kwenye daraja la besi, nyingine kwenye wavu wa maiki, vidole vikiwa mbali na chuma. Ikisoma chini ya volti 2, ampu na mixer zimeungana kwenye ethi moja. Ikisoma makumi ya volti, ibada au shoo isubiri. Zima kila kitu, chomeka ampu na mixer kwenye extension moja nzito yenye pini tatu za kweli, kisha pima tena. Volti zikibaki, tatizo liko kwenye plagi, waya au ndani ya kifaa chenyewe, na hapo ni kazi ya fundi umeme. Akague ethi ya jengo pia, na afunge swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30.

Usikate kamwe pini ya ethi ili kuondoa mvumo. Mvumo unaoletwa na ethi kukutana kupitia njia mbili unaondolewa kwa swichi iliyoandikwa LIFT kwenye DI boksi (kisanduku cha kuunganishia besi na mixer). Hiyo inakata pini namba 1 ya waya wa XLR, ule wa pini tatu unaokwenda kwenye mixer, peke yake, na ethi ya umeme inabaki ilipo.

Nina besi ya mtindo wa Jazz Bass, pikapu mbili (vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi). Volyumu zote zikiwa juu imetulia, nikishusha moja inavuma. Nifunge karatasi ya shaba?

Kwanza jua ni kelele ya aina gani, kwa sababu shaba inatibu aina moja tu. Pikapu hizo ni za koili moja moja. Moja imezungushwa kinyume cha mwenzake na sumaku zake zimegeuzwa, hivyo zikifanya kazi kwa nguvu sawa mvumo wa moja unafuta wa nyingine. Ukishusha moja, ufutaji unavunjika. Besi yako haijaharibika, ndivyo ilivyoundwa tangu Fender walipoitoa mwaka 1960.

Sasa pima: shusha volyumu moja, kisha gusa nyuzi. Kelele ikipungua ukigusa, inatoka kwenye uga wa umeme wa taa, chaja na nyaya za ukutani, na shaba itasaidia sana. Isipobadilika ukigusa, lakini ikabadilika unapogeuka na besi kushoto au kulia, ni sumaku ya transfoma iliyo karibu. Shaba haizuii hiyo. Dawa yake ni kusogea mbali na ampu, au kununua pikapu zenye koili mbili ndani ya umbo lilelile.

Ukiamua kufunga shaba, nunua ile ambayo gundi yake inapitisha umeme. Toa nyuzi, sahani ya vidhibiti na pikapu, panga vipande vikilaliana milimita 5, na kila maungio weka tone la risasi ya kuchomelea. Pima toka kona moja hadi nyingine: isomeke chini ya ohmu 1. Unganisha shaba na mgongo wa poti (kidhibiti cha volyumu au toni) kwa waya mmoja. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kuacha kilimi cha jeki, kile kinachogusa ncha ya plagi, kikigusana na shaba. Ukifunga sahani, besi inakuwa bubu na unadhani umeunguza pikapu. Weka utepe wa kuhami mahali hapo kabla ya kufunga.

Kabla ya yote hayo, pima kati ya daraja na sehemu ya nje ya jeki. Isiposoma karibu na sifuri, waya wa ethi chini ya daraja umekatika au haukukandamizwa vizuri. Kwenye besi za bei nafuu hilo peke yake linaweza kuwa ugonjwa wote.

Pedali zangu tano zinatumia adapta moja yenye waya wa matawi. Nilipoongeza delay ya kidijitali (pedali inayorudia sauti kama mwangwi), ukaanza mlio mwembamba kama wa mbu. Delay ni mbovu?

Delay ni nzima. Pedali za kidijitali zina saa ndani inayopiga kwa kasi, na kelele yake inapita kwenye waya hasi ambao pedali zote tano zinachangia. Pedali ya overdrive (ya kukoroga sauti) iliyo jirani inaichukua na kuikuza. Nunua adapta ya pekee kwa ajili ya delay hiyo, mlio utaondoka. Ni njia ya bei ndogo kuliko zote.

Ukiwa na fedha zaidi, chukua paua saplai ambayo kila tundu limetengwa. Tahadhari: zipo zilizoandikwa zimetengwa kumbe sivyo. Ikiwa imezimwa, weka multimita kwenye mlio wa kupima waya, gusa sehemu ya katikati, iliyo hasi, ya plagi mbili tofauti. Ikilia, zinachangia waya hasi, na umelipia matundu tu.

Jumlisha pia miliampia. Overdrive ya kawaida hula kama 10, lakini za kidijitali mara nyingi hula 100 au zaidi na nyingine hufika 300. Adapta ya miliampia 200 ikibebeshwa zaidi ya uwezo, volti zinashuka na delay inajizima katikati ya wimbo. Adapta yenye miliampia nyingi kuliko mahitaji haina madhara, pedali inachukua kinachoitosha. Volti ndizo zisizochezewa. Pedali nyingi zinataka volti 9, plagi ya milimita 2.1, hasi ikiwa katikati. Adapta ya ruta iliyobaki nyumbani kwa kawaida ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati. Inaingia vizuri kabisa kwenye tundu, na ndiyo hatari yake.

Nimeazima overdrive ya mpiga solo. Nikiibonyeza, besi inapotea kwenye bendi.

Pedali hizo zilitengenezwa kuacha sauti nzito makusudi. Chukua Tube Screamer ya Ibanez: hatua yake ya kukoroga ina kapasita na rezista zinazoanza kupunguza ukuzaji chini ya herzi 720. Uzi wako wa E ukiwa wazi ni herzi 41, na hata G ulio wazi ni 98. Sauti za kati zinakuzwa mara nyingi, zako za chini zinabaki zilivyokuwa, halafu ukishusha volyumu ya pedali ili usiwafunike wenzako, za chini zinazama.

Kubadilisha kapasita moja ya ndani kunaongeza uzito, lakini sauti ya chini ikikorogwa sana inakuwa tope. Bora uchanganye: sauti safi ipite pembeni, chafu ijazie juu. Overdrive za besi kama Boss ODB-3 zina kidhibiti cha mchanganyiko kwa kazi hiyo. Ukitumia pedali ya kuchanganya na ile uliyoazima, kisha sauti ikawa nyembamba kuliko kabla ya kuchanganya, ujue overdrive inageuza mawimbi juu chini na yanafutana. Tafuta ya kuchanganya yenye swichi ya kugeuza fezi.

Na upangaji ubaoni: tuna (pedali ya kutuni nyuzi), oktava, kompresa, overdrive, korasi, delay. Tunasisitiza oktava iwe mwanzoni, kwani inahitaji noti moja safi ili ifuate. Ikija baada ya overdrive inaparanganyika.

Ninaweza kuweka uzi wa B kwenye besi ya nyuzi nne, niache G?

Unaweza: B, E, A, D. Nunua seti ya nyuzi tano na uweke kando G, kwa mfano .130, .100, .080, .065. Kazi iko kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi mwishoni mwa shingo. Tundu la E lilichongwa kwa uzi wa milimita 2.6 hivi, na B ni 3.3. Chonga kwa tupa nyembamba, mwelekeo ukiinamia kwenye vigingi, na uzi uzame nusu ya unene wake, usizidi. Ukichimba sana utapiga freti ya kwanza, na hakuna dawa ila nati mpya. Wapigaji wengi huchonga nati ya pili na ya zamani wakaihifadhi, nasi tunashauri hivyo hivyo.

Hakikisha kabla ya kununua kwamba uzi wa B unaingia kwenye tundu la kigingi. Ukunje kwanza kisha ndiyo ukate, la sivyo waya wa nje unalegea na uzi unakuwa mfu. Kwa kuwa B inavuta shingo kidogo kuliko G iliyoondoka, shingo inaweza kunyooka kupita kiasi. Bonyeza uzi freti ya kwanza na ya mwisho, tazama nafasi juu ya freti ya saba: ilenge milimita 0.3. Ikiwa ndogo, legeza trasi rodi (fimbo ya chuma ndani ya shingo) kwa alenki robo mzunguko, subiri, pima tena. Ukikuta noti ya freti ya 12 iko juu kuliko inavyotakiwa, rudisha kipande cha daraja nyuma. Kikigota, toa springi yake.

B iliyo wazi ni herzi 31, na spika ndogo haiwezi kuitoa. Utakachosikia zaidi ni 62 ya juu yake.

Kuchemsha nyuzi kunafaa?

Kunafaa kwa nyuzi za mikwaruzo (roundwound), dakika kama 10, kisha zikaushwe kabisa kabla ya kufungwa. Jasho na uchafu vinatoka, mng'ao unarudi kwa muda mfupi. Kutu ya pwani haitoki kwa maji, na uzi uliochimbwa na freti hautarudi kwenye tuni.

Kapasita ya bei kubwa ya toni itabadilisha sauti?

Ikiwa thamani ni ileile, hapana. Kinachosikika ni thamani: mikrofaradi 0.047 yenye alama 473 ndiyo ya kawaida, 223 inakata kidogo, 104 inakata sana. Tumia fedha hiyo kwenye poti nzuri za kilo-ohmu 250 na jeki imara.

Besi yangu haina betri. Nikiichomeka moja kwa moja kwenye mixer inasikika imefunikwa blanketi.

Laini ya mixer ina kama kilo-ohmu 10, na pikapu zako zinataka kuona karibu megaohmu 1. Tumia DI boksi inayotumia umeme au fantomu (umeme unaotoka kwenye mixer kupitia waya wa XLR). Ile isiyotumia umeme inawafaa zaidi wenye besi za betri, ambao wakumbuke kuchomoa waya wakimaliza, kwani plagi ikibaki kwenye jeki betri inaendelea kuliwa usiku kucha.