Samaki Mwenye Haya Akigoma Kula, Anza na Taa

Samaki wa maji ya chumvi akigoma kula, wengi wetu hukimbilia kubadilisha chakula. Leo kamba, kesho ngisi, kesho kutwa vidonge vya dukani, na kila kinachoachwa kinaozea chini ya tangi. Kwa samaki wenye haya, mara nyingi kasoro haiko kwenye chakula. Iko kwenye mwanga, kwenye wenzake uliomweka nao, na kwenye saa unayomlisha. Hayo yakitengemaa, kamba wa kawaida kabisa anamtosha.

Nitamtolea mfano samaki mmoja ambaye amenifundisha mengi hapa Malindi. Jina lake la kitaalamu ni Calloplesiops altivelis. Ana rangi ya hudhurungi iliyokoza karibu kuwa nyeusi, madoa meupe madogo mwili mzima, na mapezi mapana kupita kiasi. Nyuma, chini ya pezi la mgongoni, ana doa jeusi lililozungushiwa weupe, mfano wa jicho. Akitishwa huingiza kichwa shimoni na kuacha mkia nje, na ule mkia pamoja na lile doa huonekana kichwa cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anayechungulia pangoni. Anayemfukuza akidhani amepata kitoweo, hugeuka mwenyewe. Kwetu nyumbani tunamwita mkunga bandia. Anapatikana kwenye miamba ya matumbawe tangu Bahari ya Shamu na pwani yetu hii hadi visiwa vya Tonga, lakini mtu anaweza kupiga mbizi miaka asimwone, maana mchana kutwa yuko mashimoni. Mzee mmoja mvuvi alipomwona kwangu alicheka sana: "Mwanangu, huyu ni wa usiku. Mchana utalisha mkia."

Basi kazi huanzia dukani. Usinunue samaki wa aina hii kabla ya kumwona akila. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako, hata kama itabidi urudi jioni. Akikujibu kwamba "atakula akizoea kwako," muachie samaki wake. Mtazame pia kwa juu: nyama ya nyuma ya kichwa ikiwa imebonyea na tumbo limeingia ndani, huyo ameshinda na njaa muda mrefu na kumrudisha ni kazi ngumu. Hakikisha vilevile kwamba anayekuuzia ana leseni ya kukamata samaki wa mapambo. Hifadhi ya Bahari ya Malindi inalindwa tangu 1968, na ndani ya mipaka yake hakuchukuliwi kitu, hata kombe tupu.

Kuna samaki ambao sikushauri kabisa, hata uwe na subira ya namna gani. Baadhi ya vitatange hula matumbawe hai tu. Chaetodon trifascialis, kwa mfano, karibu maisha yake yote hudonoa matumbawe ya aina ya Akropora, na hakuna ujanja wa jikoni utakaomgeuza. Atakufa kwa njaa huku chakula kinaelea mbele ya mdomo wake. Ukipenda kitatange, tafuta Chaetodon auriga, yule mwenye uzi mrefu kwenye pezi la mgongoni. Huyo baharini hula minyoo, kamba wadogo na vitu vingi vingine, na akiwa tangini huzoea upesi.

Turudi kwa mkunga bandia. Anafika urefu wa sentimita 20, kwa hiyo tangi la lita 300 au zaidi ndilo litakalomfaa. Lakini ukubwa wa maji peke yake haumpi utulivu. Anachotaka ni pango. Panga mawe yawe na shimo refu lenye kiza, lenye mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea, na hakikisha mlango mmoja unaelekea upande ambao wewe unaweza kuufikia kwa mrija. Watu hulisahau hili. Wanamjengea samaki pango zuri ukutani kabisa, kisha wanatafuta mwezi mzima namna ya kumpelekea chakula.

Tangi likae mbali na mlango na televisheni. Watoto wa jirani waambiwe wasigonge kioo. Siku za mwanzo simmulikii taa kali kabisa. Mwanga wa dirishani unatosha. Ukitaka kumtazama usiku, funika tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni. Samaki wengi wa miambani hawauoni vizuri mwanga mwekundu, kwa hiyo utamwona akizunguka na yeye hatajali.

Kuhusu wenzake, sitasema mengi. Usimweke na kikande, kwa sababu kikande hunyang'anya chakula na hung'ata mapezi. Chewa mkubwa atammeza. Hata samaki mpole, akiwa mwepesi wa kula, anatosha kumfanya huyu ashinde na njaa. Mkunga bandia ni mzito kupita maelezo. Anakisogelea chakula polepole, anainamisha kichwa, anakitazama, anasita, kisha ghafla anakivuta mdomoni. Katika ule muda wa kusita, mwenzake amekwisha kukila. Ni kama mgeni mwenye haya anayengoja wenyeji waondoke ndipo anyooshe mkono sahanini.

Na hapo ndipo saa inapoingia. Huku kwetu tuko karibu na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima, kwa hiyo hata kifaa cha kuwasha na kuzima taa si lazima. Adhana ya magharibi inakutosha. Nusu saa kabla yake, zima taa ya tangi. Walishe kwanza wale wengine, upande wa pili wa tangi, washibe. Kisha subiri kiza kianze kuingia. Mkunga bandia atachungulia. Usimkimbilie.

Chakula cha kwanza kiwe hai. Kinachojongea chenyewe humwamsha samaki aliyelala njaa kuliko chochote kilichokufa, hata kiwe kizuri namna gani. Kamba wadogo wa mikokoni ndio bora, wale wanaopatikana maji yakianza kujaa kwenye vijito. Ukiwa na akina mama wanaokwenda kutanda, waombe wakuwekee wachache kwenye ndoo yenye maji. Uduvi mkavu wa sokoni una chumvi nyingi na mchanga, huo uachie mchuzi wa nazi. Pia kuna atemia, vijidudu vya maji ya chumvi kali ambavyo wafugaji wa samaki dunia nzima huvitumia. Viliingizwa kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani yetu, Gongoni na kwingineko, miaka ya 1980. Mayai yake makavu yakitiwa kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, yenye hewa inayopulizwa na pampu, huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Ila atemia wachanga ni wadogo mno kwa samaki mkubwa. Yeye anahitaji waliokomaa, na hao nao hawana lishe ya kutosha wakiwa peke yao. Watumie kumfungua mdomo, kisha songa mbele.

Namna ya kumpelekea: chukua sirinji kubwa ya duka la dawa, isiyo na sindano, uivalishe mrija mrefu wa plastiki kama ule wa pampu ya hewa. Punguza mkondo wa maji ya tangi. Vuta kamba wawili au watatu pamoja na maji ya tangi lenyewe, peleka ncha ya mrija shubiri moja kutoka mlangoni mwa pango, na usukume polepole mpaka watoke wakielea. Usiwapulizie usoni mwake. Kisha rudi nyuma ukae. Asipokula, vuta kilichobaki kwa sirinji hiyohiyo. Hili usilifanyie uvivu, kwa sababu kwenye joto letu nyama iliyobaki huoza haraka na amonia, sumu itokanayo na uozo huo, hupanda, na samaki anayepumua amonia hatakuwa na hamu ya kula chochote. Ukimwacha hivyo, utakuwa unamkimbiza na chakula ambacho ndicho kinachomuumiza.

Akishakula hai kwa jioni kadhaa mfululizo, changanya: hai mmoja, aliyekufa sasa hivi mmoja, na huyo aliyekufa umsukume kwa mrija acheze cheze. Baadaye walio kwenye friza, walioyeyushwa. Halafu vipande vyembamba vya ngisi na vya samaki mbichi. Usimlishe kitu kimoja miezi na miezi. Baadhi ya samaki na kamba wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na anayelishwa hao tu hudhoofika hata kama anashiba kila jioni.

Kuna wanaochovya chakula kwenye maji ya kitunguu saumu wakidai kinaleta hamu. Mimi sioni tofauti ya maana. Taa ikizimwa kwa wakati, samaki anakula bila kitunguu. Taa ikiwaka, kitunguu cha Soko Kuu lote hakimtoi pangoni.

Agome muda gani ndipo uwe na hofu? Samaki mzima aliyefika na mwili wake anaweza kukaa wiki, hata zaidi, bila kula, na asidhurike. Usihesabu siku tu, tazama tumbo na ile nyama ya nyuma ya kichwa. Mwili ukiwa umejaa, endelea na taratibu hiyohiyo kila magharibi bila kubadilisha chochote. Ukiona anabonyea, au anahema kwa kasi, acha habari ya chakula na upime maji kwanza. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa lita, na amonia isionekane kabisa kwenye kipimo.

Sisi tunaochota maji baharini tuna shida yetu ya pekee. Mvua kubwa ikinyesha bara, Mto Sabaki hushuka na tope jekundu, na maji ya ufukweni hubadilika rangi na kupungua chumvi. Wakati huo usichote. Hifadhi maji ya kutosha mapema, wakati bahari ni safi, uyafunike kwenye pipa lenye kiza. Kusi ikivuma, kamba hai nao huwa adimu, kwa hiyo jaza friza wakati wa kaskazi. Na kwa ajili ya siku stima zinapopotea, nunua pampu ndogo ya hewa ya betri.

Jambo moja la mwisho kwa watakaofanikiwa. Mkunga bandia akishazoea, anakuwa mlaji hodari na haugui ovyo. Lakini kamba wadogo wa mapambo uliowaweka wasafishe tangi, yeye anawaona ni chajio. Wahamishe kabla hajazoea.