Kendrick Lamar kwa asiyependa rap

Kama masikio yako yamelelewa na kadongo kamu, muziki wa masimulizi wa Uganda, Paulo Kafeero akisimulia kisa kizima kwa gitaa bila haraka, rap ya Marekani itakuchosha mapema. Matusi, majigambo, maneno yanayokimbizana. Malalamiko hayo ni ya haki, na Kendrick Lamar hana kinga nayo. Ila huyu jamaa wa Compton, mji wa California, ni msimulizi, na ukimwendea kwa mlango huo utamkubali, hata kama ni shingo upande.

Usianze na "HUMBLE.", maana huo unashinda kwa biti na majigambo, yale yale yanayokukera. Anza na "How Much a Dollar Cost", uliomo kwenye To Pimp a Butterfly ya 2015. Mtu mwenye pesa yuko kituo cha mafuta huko Afrika Kusini, ombaomba anamwomba kidogo. Anamnyima, anatafuta visingizio, hasira zinapanda. Mwishowe ombaomba anajitambulisha kuwa ndiye Mungu. Anayehudhuria ibada hahitaji kufafanuliwa.

Kisha nenda "Sing About Me, I'm Dying of Thirst" wa 2012. Ni dakika 12, vumilia. Ubeti wa kwanza anazungumza kijana aliyefiwa na ndugu yake. Anaomba akumbukwe iwapo naye atakufa, na kabla hajamaliza sentensi risasi zinalia, kimya. Ubeti wa pili ni wa msichana anayeapa kwamba hatafifia, huku sauti yake ikishushwa polepole mpaka haisikiki, na bado anaongea. Hapo hata mpinzani sugu anatikisa kichwa. Usiusikilizie kwenye takisi ya kwenda Ntinda, utadhani simu imeharibika. Tafuta chumba kimya na vipokea sauti vya masikioni. Spika ya simu pia huipoteza besi.

Mara ya kwanza sikiliza bila maandishi ya mashairi. Ukisoma, macho yanatangulia na zile risasi hazikushtui tena. Mara ya pili fungua maandishi, kwa sababu Kiingereza cha Compton si kile cha darasani. Mara ya tatu yafunge.

Baada ya hapo uko tayari kwa DAMN. ya 2017, albamu iliyopata tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2018, tuzo ambayo kabla yake ilikuwa ya klasiki na jazi tu. Zima ile sehemu ya kuchanganya nyimbo ovyo. Wimbo wa mwisho, "DUCKWORTH.", unarudisha kanda nyuma mpaka mwanzo wa albamu, na mpangilio ukivurugika hutaelewa kwa nini. Albamu nzima ni dakika 55 hivi, karibu megabaiti 66 kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, maradufu kwa 320. Ipakue penye Wi-Fi.

Kuna nakala zilizosafishwa matusi, zinafaa nyumba yenye watoto, ila mapengo yanavunja mwendo wa vina. Na wimbo wa "u" wa To Pimp a Butterfly, anaolia kwa sauti ya mlevi, uruke bila aibu. Ni ufundi, lakini unachosha. Ukimaliza yote hayo na bado hujashawishika, jaribu Luga Flow, rap ya Luganda ya akina GNL Zamba. Kwa anayejua Luganda, hakuna haja ya kufungua maandishi.