Fundi Anajibu: Pumba za mpunga na jeki ya gari

SWALI: Shikamoo fundi, mi ni kijana wa Pasua hapa Moshi, nina rafiki yangu seremala. Kila msimu upande wa Mabogini tunaona pumba za mpunga zimerundikwa mlima mzima mpaka wanazitia moto, tukasema si hela hii? Tukachanganya na gundi nyeupe ya mbao, tukabana na jeki ya gari usiku kucha, asubuhi ikatoka bodi nzuri kwa macho ila kuinyanyua tu ikamegeka kama kashata. Tulikosea wapi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hiyo kashata nimecheka, ila mmefika mbali kuliko wengi.

Hebu chukua ganda moja la pumba uliweke kiganjani. Limekaa kama kamtumbwi, ndani tupu, na nje ukilipitishia kucha linakwaruza, ile ni silika, yani ndugu yake na mchanga, alafu juu yake kuna nta. Sasa gundi ya maji itashika wapi hapo? Inateleza tu. Na ule mtumbwi ukiubana unajikunja, ukiachia unarudi. Kwaiyo kwanza zipitisheni kwenye mashine ya kusaga chakula cha kuku, zisiwe unga, zibaki chenga.

Ila kilichowaua zaidi ni jeki. Bodi za kiwandani zinabanwa kwa moto, nyuzi 160 mpaka 200, kwa kani ya kama kilo 25 kwa kila sentimita moja ya mraba. Bodi ya futi 8 kwa 4 ina sentimita za mraba karibu 29,700, zidisha mwenyewe, ni tani zaidi ya 700! Nyie na jeki ya tani 3, hata kibodi cha futi moja kwa moja mngehitaji tani 23. Na gundi yao sio hii yetu ya dukani, ni ya yurea fomaldehaidi inayoiva kwa joto, na hata hiyo kwenye pumba na majani ya mpunga inasumbua sababu ya ile nta, wengi wanahamia gundi za aisosayaneti ambazo bei yake hata sitaki kuitaja.

Mi ningekuwa nyie ningeachana na gundi nikaenda kwenye simenti. Haitaki moto. Loweka chenga kwenye maji ya moto usiku mmoja umwage yale maji, maana sukari ya kwenye mmea inazuia simenti kukaza (maganda ya kahawa na makapi ya miwa ndo balaa zaidi kwa hilo). Zikikauka, kilo 3 za simenti kwa kilo 1 ya pumba, maji kidogo kidogo mpaka ukifinya ishikane bila kuchuruzika. Baneni katikati ya mabati mazito mawili yaliyopakwa oili chafu, kaza kwa bolti, usifungue mpaka kesho yake. Alafu funika na magunia yenye maji, siku 28 usiwe na haraka. Itakuwa nzito kwaiyo silingi sahau, ila kugawa vyumba inafaa sana, mchwa hawaigusi na moto inauvumilia. Msumeno wenu utaisha meno mapema, hilo mlijue.

Makapi ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC msiyahesabu kwanza, wanayachoma wenyewe kupata mvuke na umeme. Ingawa kule Louisiana, Marekani, walishatengeneza bodi za makapi ya miwa toka miaka ya 1920. Mkitaka mashine ya kubana ya maana nendeni SIDO (shirika la viwanda vidogo) hapo mjini au TEMDO (taasisi ya kubuni mitambo) Arusha, na bodi ya kuuza itataka alama ya TBS, yani shirika la viwango.

SWALI: Fundi, nimenunua kabati jipya la chipubodi hapa Sakina, nikilifungua macho yanawasha na harufu inakaba. Ni la feki?

JIBU: Dada yangu, si lazima liwe feki, ni ile gundi niliyomtajia kijana hapo juu inatoa hewa yake ya fomaldehaidi, na jua na unyevu vinaizidisha. Sio ya kuchezea, toka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye visababishi vya saratani kwa binadamu. Toa vyombo, acha milango ya kabati na madirisha wazi wiki kadhaa, alafu geuza uangalie nyuma na chini, pale walipokata wakaacha wazi bila kufunika ndo hewa hiyo inapovuja. Mwite fundi apige vanishi kingo zote, na kitanda cha mtoto kisikae chumba hicho kwa sasa. Siku nyingine ukinunua ulizia bodi yenye alama ya E1, yani inayotoa fomaldehaidi kidogo.