Maswali na Majibu: Kabla Hujairudisha Kompyuta kwenye Windows ya Zamani

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, wasomaji wengi wamehamia Windows 11, na baadhi yao sasa wananiandikia wakitaka kurudi walikotoka. Ninawaelewa, kwa sababu mtu hawezi kufanya kazi kwa utulivu kwenye mashine iliyobadilika usiku mmoja. Hata hivyo, karibu kila barua inauliza njia ya kurudi, na ni chache mno zinazoeleza kompyuta inasumbuliwa na nini, au faili za mwenyewe zimehifadhiwa wapi. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Nilipandisha laptopu yangu kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 wiki tatu zilizopita. Niliambiwa kuna kitufe cha kurudi, lakini kwangu hakibonyezeki. Je, kimeharibika? (Morogoro)

Hakijaharibika, bali muda wake umekwisha. Windows 11 inapowekwa juu ya Windows 10, mfumo wa zamani hauondolewi papo hapo, bali huwekwa pembeni katika folda iitwayo Windows.old kwenye diski C. Kitufe cha Go back, kinachopatikana ndani ya Settings, System, kisha Recovery, hutumia folda hiyo, nayo hufutwa yenyewe baada ya siku 10. Wapo pia wanaoiua mapema kwa mikono yao: wanaona diski imejaa, wanaendesha programu ya kusafisha, wanaweka alama kila mahali, kisha wanashangaa kitufe kimekufa siku ya nne.

Kwa wale ambao bado wamo ndani ya siku 10, muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 60. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa haki za msimamizi, uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, halafu usiiguse folda ya Windows.old. Kumbuka pia kwamba kurudi kwa njia hii huziacha faili zako, lakini huondoa programu ulizoweka baada ya kupandisha, na hukudai nenosiri ulilokuwa ukilitumia kabla ya kupandisha.

Kwako wewe, ndugu yangu wa Morogoro, imebaki njia moja, nayo ni kuweka Windows 10 upya kwa kutumia flashi ya angalau gigabaiti 8 iliyotengenezwa kwa programu ya Microsoft yenyewe, wala si kwa nakala uliyopewa na rafiki ambayo haijulikani imechezewa na nani. Leseni isikutie wasiwasi. Kompyuta iliyokuwa na Windows 10 halali inatambuliwa na Microsoft kwa vifaa vyake, hivyo ukiulizwa namba ya leseni wakati wa kuweka, ruka hatua hiyo, kisha leseni itajiamsha utakapoingia kwenye intaneti.

Je, nikirudi kwenye Windows ya zamani faili zangu zitapotea? (Wasomaji kadhaa, kila mwezi)

Nimelijibu swali hili mara nyingi, kwa hiyo leo nitalijibu kwa sentensi moja: chukulia kwamba zitapotea, uzinakili zote kwenye diski ya nje, ufungue faili tatu au nne kuhakikisha zinasomeka, uichomoe diski hiyo, ndipo uanze.

Printa ya ofisi imegoma tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Fundi anasema dawa ni kurudi Windows 10. (Dodoma)

Mwambie fundi wako asubiri. Microsoft hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, na saa za kwetu masasisho hayo hutufikia usiku, hivyo kompyuta inayoamka na ugonjwa mpya siku ya Jumatano mara nyingi imepata sasisho lenye kasoro. Kuondoa sasisho moja si sawa na kubadilisha mfumo mzima. Ingia Settings, Windows Update, Update history, kisha Uninstall updates, uliondoe lile lenye tarehe ya siku printa ilipogoma, uwashe mashine upya na uchapishe ukurasa wa majaribio. Ikikubali, sitisha masasisho kwa wiki moja au mbili mpaka rekebisho litolewe. Isipokubali, weka upya draiva ya printa, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa, kabla ya kufikiria jambo lingine lolote.

Sisemi kwamba masasisho hayakosei. Oktoba 2018 toleo la Windows 10 lililoitwa 1809 lilifuta nyaraka za baadhi ya watumiaji, na Microsoft ililazimika kulisimamisha siku chache tu baada ya kulitoa, ikalirudisha Novemba. Lakini kasoro ya siku moja isiwe sababu ya kuyafunga masasisho moja kwa moja, jambo ambalo mafundi wengi hulifanya kama desturi bila hata kumjulisha mwenye mashine.

Duka letu linatumia programu ya hesabu tuliyonunua mwaka 2011, nayo hufanya kazi kwenye Windows 7 pekee. Tumenunua kompyuta mpya, lakini tukijaribu kuweka Windows 7, kipanya na kibodi vinakufa kwenye skrini ya kwanza. Tufanyeje? (Mwanza)

Mnachokiona kina sababu yake. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, kabla matundu ya USB 3.0 hayajaenea, kwa hiyo flashi yake ya kuwekea mfumo haina draiva za matundu hayo. Skrini ya kuchagua lugha inatokea vizuri, mshale umetulia katikati, unasogeza kipanya na hausogei, unabonyeza Enter na hakuna kinachotokea. Vifaa ni vizima, ila mfumo hauvitambui. Mkishalivuka hilo, mara nyingi diski ya kisasa ya NVMe nayo haitaonekana, na baada yake mtakosa draiva za skrini na za Wi-Fi. Fundi hodari anaweza kuzipachika baadhi, lakini atakuwa anawajengea nyumba juu ya mchanga, kwa sababu masasisho ya kawaida ya Windows 7 yalikoma tarehe 14 Januari 2020.

Wapo watakaosema hilo halina neno. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na nyingi ya zilizoathirika zilikuwa na Windows 7 ambayo haijasasishwa, ingawa rekebisho lilikwisha kutolewa tangu Machi. Wakati huo Windows 7 ilikuwa bado inahudumiwa. Leo haihudumiwi, na ndani ya mashine hiyo mnataka kuweka madeni ya wateja wenu.

Ushauri wangu ni huu. Kwanza jaribuni programu hiyo kwenye Windows 11 kwa kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ikoni yake, kufungua Properties, kisha Compatibility, na kuchagua Windows 7. Programu nyingi za zamani hukubali. Ikikataa, wekeni Windows 7 kama kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya ile halisi, kwa programu ya VirtualBox, ambayo ni ya bure, mkiwa mmeikatia mtandao kompyuta hiyo pepe. Wakati huohuo anzeni kuzihamisha hesabu zenu, kwa maana programu isiyo na mwenye kuihudumia itawaacha siku moja, na siku hiyo huenda ikawa siku ya kufunga mahesabu ya mwaka.

Fundi alibadilisha mipangilio ya kuwashia mashine ili aweke Windows 10. Sasa skrini ya buluu inadai namba ya tarakimu 48. (Mombasa)

Hiyo ni BitLocker. Diski yako imefungwa kwa usimbaji, na mipangilio ilipoguswa mfumo ukashuku wizi. Rudisheni kwanza mipangilio ilivyokuwa, hasa Secure Boot (kinga inayohakiki mfumo wakati mashine inawaka), kwa kuwa mara nyingine hilo pekee linatosha. Isipotosha, chukua simu, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, utafute ufunguo wa urejeshaji, uhakikishe kitambulisho chake kinafanana na kile kilicho kwenye skrini. Kompyuta nyingi za sasa hujifunga zenyewe mtu anapoingia na akaunti hiyo mara ya kwanza, hata kama hajui. Atakayekuambia anaweza kuifungua diski bila ufunguo atakachofanya ni kuifuta.

Laptopu yangu ilikuja na Windows 11 Home. Leseni yake inaniruhusu kutumia Windows 10? (Arusha)

Hapana; haki ya kushuka toleo hutolewa kwa Windows 11 Pro iliyokuja na mashine, si kwa Home.

Nimefanikiwa kurudi Windows 10. Je, niko salama? (Tanga)

Utakuwa salama kiasi endapo utajiandikisha katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, ambao Microsoft iliutangaza kwa watumiaji binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mpango huo unahitaji toleo la 22H2, kwa hiyo kama fundi alikuwekea Windows 10 kutoka kwenye flashi aliyoitengeneza miaka mitano iliyopita, isasishe kwanza.

Fundi amenirudishia Windows 10, na mashine ni nyepesi, lakini picha za harusi ya mwanangu hazipo. (Dar es Salaam)

Pole sana, mama. Swali hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Niliwahi kuketi na mwalimu mstaafu mbele ya meza ya fundi aliyekuwa amempigia Windows upya bila kumuuliza lolote. Tulifungua diski C, tukaikuta Windows.old, ndani yake Users, ndani yake folda yenye jina la mwalimu, na picha zote zilikuwamo. Fundi alikuwa amesahau kuifuta diski, na kusahau kwake ndiko kulikomwokoa mwalimu.

Tazama huko kwanza, leo hii, kabla folda hiyo haijafutwa yenyewe. Ukizikuta, zinakili kwenye diski ya nje. Usipozikuta, izime kompyuta na usiiwashe tena kwa kazi yoyote, kwani kila faili mpya inaweza kuandikwa juu ya picha zako, na kwenye diski za SSD mfumo wenyewe huendelea kusafisha nafasi zilizofutwa. Ipeleke kwa mtu anayeshughulika na urejeshaji wa data, umweleze tarehe mashine ilipofanyiwa kazi, na umsisitize atengeneze kwanza nakala kamili ya diski, kisha atafute ndani ya nakala hiyo.