Maji butini: majibu kwa wasomaji msimu huu wa mvua

Mvua zimeshika kasi, na maswali mengi mliyonitumia ni ya maji kuingia kwenye buti la gari, ile sehemu ya mizigo ya nyuma. Nayajibu machache yanayowagusa wengi.

Nina Toyota IST. Kila mvua ikinyesha nakuta maji kwenye shimo la tairi la spea. Fundi amepaka silikoni mlango wote wa nyuma, lakini maji bado yanaingia. (Msomaji, Tanga)

Ibandue hiyo silikoni kwanza, maana imepakwa kabla ya kujua maji yanapita wapi. Maji huingilia juu, yakafuata chuma kwa ndani ya bodi, yakaishia sehemu ya chini kabisa, nayo ndiyo shimo la spea. Mahali unapoyaona sipo yanapoingilia.

Toa tairi, kapeti na plastiki za pembeni, kausha chuma chote kwa kitambaa. Mtu mmoja aingie ndani na tochi, wewe ubaki nje na mpira wa maji. Mwagia taratibu ukianzia chini: bampa, kisha taa za nyuma, kisha ukingo wa mlango, paa liwe la mwisho. Kaa dakika kadhaa kila sehemu. Ukianza na paa, maji yatateremka kila mahali na hutajua lolote. Mashine ya presha ya kuoshea magari usiitumie hapa, kwani hupenyeza maji hata pasipo na ubovu.

Mara nyingi kosa huwa kwenye taa: raba au sponji iliyo kati ya taa na bodi imekauka. Taa hufunguliwa kwa nati chache tu, raba ikabadilishwa. Kagua pia taa ya breki ya juu, na ule mpira mwembamba unaopeleka maji ya waipa ya nyuma. Ukichomoka, buti litalowa ndani hata siku ya jua, ila ni pale tu unapoosha kioo.

Nitajuaje kama raba ya mlango wa buti imechoka? (Msomaji, Morogoro)

Paka poda kwenye raba, funga mlango, fungua. Pale ambapo chuma hakikuchukua poda ndipo haigusi. Au bana karatasi mlangoni, uivute: ikitoka bila kukaza, hapo pana nafasi. Kabla ya kununua raba nyingine, tazama kama ule ukingo wa bati inapokaa umepinda kwa kugongwa na mizigo. Raba mpya juu ya bati lililopinda ni hasara.

Gari langu liligongwa nyuma, likanyooshwa na kupigwa rangi vizuri sana. Tangu hapo linavuja. (Msomaji, Mombasa)

Rangi nzuri haizuii maji. Bati mbili zinapounganishwa kiwandani, mshono hujazwa gundi maalumu ya bodi. Baada ya ajali mafundi wengi huchomelea, wakapiga rangi, mshono wakauacha wazi. Mrudishie fundi wa bodi, akwangue, ajaze gundi, ndipo apake rangi. Usichelewe, maana kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu haingoji.

Mwambie afungue na bampa. Nyuma yake kuna matundu ya hewa yenye vifuniko vya plastiki, na bampa likigongwa huvunjika au kuachia. Vifuniko vibadilishwe au vibandikwe upya pembeni, lakini matundu yasizibwe. Hewa ya ndani hutokea hapo. Yakizibwa, vioo vitashika ukungu na milango itakuwa migumu kufunga.

Silikoni ipi inafaa? (Msomaji, Dodoma)

Ile inayonuka siki, ya kuzibia vioo na masinki, usiipake kwenye bati. Asidi yake huleta kutu chini kwa chini. Ulizia gundi ya mishono ya bodi kwenye duka la rangi za magari.

Nitoboe shimo maji yatoke? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Shimo litaingiza vumbi, maji ya barabarani na hata moshi wa ekzosi. Magari mengi yana vizibo vya mpira chini ya tairi la spea: toa kimoja maji yaishe, kisha ukirudishe.

Nina Toyota Prius, nimekuta maji butini. Naweza kuendelea kuendesha? (Msomaji, Nairobi)

Usiendeshe mpaka likaguliwe. Prius ni haibridi, yaani hutumia petroli na umeme. Betri yake kubwa ipo nyuma ya kiti cha nyuma cha abiria au chini yake, kutegemea toleo, ina zaidi ya volti 200, na kwenye Prius nyingi zilizopo barabarani betri ndogo ya volti 12 nayo imekaa humo humo butini. Usiguse nyaya za rangi ya chungwa wala usifungue vifuniko vyake. Zima gari, acha buti wazi, mwite fundi wa umeme aliyesomea haibridi aje lilipo. Kutafuta panapovuja kufuate baada ya yeye kumaliza.